Ekseli Kubwa, Breki Zile Zile

Kabla Toyota haijatamalaki kwenye barabara za vumbi za Afrika Mashariki, gari la shamba, la misheni na la bwana shauri lilikuwa Land Rover, na kila aliyeendesha ile ndefu ya inchi 109 aliujua ugonjwa wake. Mzigo umezidi, gari liko kwenye lo, tairi limebanwa na jiwe, dereva anaachia klachi kwa pupa: unasikika mlio mmoja mkavu kutoka nyuma. Hafushafti imekatika. Dereva mzoefu hakuwa na sababu ya kulala porini. Alifungua boliti za habu, akachomoa vipande, akatia foo wili na kurudi nyumbani akivutwa na magurudumu ya mbele. Waliokwenda mbali walibeba hafushafti ya akiba.

Mwaka 1972 kiwanda kikakubali yaishe. Land Rover 109 za Series III zikaachana na ekseli ya nyuma ya Rover, zikafungwa Salisbury, ekseli nene iliyozaliwa na mchoro wa Dana 60 ya Marekani. Kilio cha shafti za nyuma kikapungua mno. Lakini kiwanda hakikufungua yubolti nne na kukaza yubolti nne. Pua ya difu ya Salisbury ni ndefu kuliko ya Rover, kwa hiyo propela shafti ya nyuma ilibidi iwe fupi. Uzito wa chini ya springi uliongezeka. Gereji nazo zikapata kazi mpya: difu ya Rover ilichomolewa nzima kwa mbele na kurudishwa nyingine, hata chini ya mwembe, ilhali ya Salisbury hupangwa ndani ya nyumba yake kwa shimu za kupimwa, na kuna kifaa maalumu cha kuitanua nyumba hiyo kidogo ili krauni itoke. Uimara ulipatikana, wepesi wa matengenezo ukapotea.

Leo anayefanya uamuzi kama ule mara nyingi si kiwanda. Ni mwenye pikapu na fundi wake. Hilux ya tani moja imeshaongezwa springi, imenyanyuliwa, imevishwa tairi za inchi 33, bodi limezungushiwa mabomba ili mzigo upande juu, na sasa difu inalia. Ushauri unaotoka chini ya gari ni mwepesi: tafuta ekseli ya Land Cruiser, funga, mambo yaishe. Ushauri huo una nusu ya ukweli. Nusu nyingine iko kwenye breki, kwenye chesi na kwenye kadi ya gari, na huko hakuna anayetazama: si mwenye gari, si fundi, wala si mkaguzi wa serikali ambaye kazi yake ni hiyo.

Nusu ya ukweli ipewe haki yake kwanza, maana wapo wanaocheka kila gari lililoguswa na fundi wa mtaani kana kwamba kiwanda hakikosei. Hilux ina ekseli ya nyuma ya aina ambayo hafushafti inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inazungusha gurudumu na pia inabeba uzito wa gari. Beringi iko moja kila upande, mwishoni mwa bomba la ekseli, na tairi limefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha shafti. Kwa mzigo wa halali mpango huu ni mwepesi, wa bei nafuu na unadumu miaka mingi; Hilux zimetengenezwa tangu 1968 na sifa zake hazikuokotwa. Lakini shafti hiyo ikikatika nje ya beringi, au beringi ikifa hadi kishikio chake kikaachia, gurudumu halibaki mahali pake. Linaondoka. Anayefuata nyuma kwa bodaboda ndiye wa kwanza kujua.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ina mpango mwingine. Habu ya nyuma inakaa juu ya beringi mbili zilizovikwa kwenye bomba la ekseli lenyewe, na bomba ndilo linalobeba uzito. Shafti inapita katikati, kazi yake ni kuzungusha tu. Ukitaka kuitoa huhitaji hata kupiga jeki: fungua boliti za kifuniko, ivute, gari linabaki limesimama kwa miguu yake minne. Malori ndivyo yalivyo, na Land Rover za zamani zilikuwa hivyo hivyo, ndiyo maana dereva wa 109 aliweza kurudi nyumbani bila shafti. Kwa gari linaloshinda na mzigo mzito, tofauti hii ina maana kubwa kuliko ukubwa wa krauni, ingawa sokoni watu huulizia krauni kwanza. Inchi 8 ya Hilux za zamani, inchi 9.5 ya Land Cruiser: namba inatajwa kwa sauti, habari ya beringi inapita kimya.

Na zipo sababu za haki za kutaka ekseli nzito. Injini ya dizeli ya 2L ya lita 2.4, iliyobeba Hilux nyingi za miaka ya tisini, inatoa nguvu ya kuzungusha ya kama nyutoni-mita 165. Mwenye gari akiing'oa na kufunga 1KD ya lita 3 yenye taabo, namba hiyo inaruka hadi 343. Gia ya kwanza huizidisha kama mara 4, lo huizidisha kama mara 2.5, difu tena kama mara 4. Kwa hesabu ya haraka, nyutoni-mita zaidi ya 13,000 zinagawanywa kwenye ekseli kabla tairi halijateleza. Mwongeze tairi pana la inchi 33 lisiloteleza kirahisi, kisha mpandishe kilimani akiwa amebeba tangi la maji. Kinachokatika hapo hakijakatika kwa uchawi.

Hapo ndipo wepesi wa maneno unapokutana na vipimo. Land Cruiser 79, iliyoanza kuuzwa 1999, ina nati 5 kila gurudumu. Hilux ya foo wili ina 6. Ukifunga ekseli ya 79 nyuma ya Hilux bila kubadili habu, gari linahitaji spea mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, na siku ya pancha ndiyo unakumbuka iliyobaki nyumbani. Ekseli ya Land Cruiser 75 ya zamani ina nati 6, ndiyo maana wajuzi huitafuta hiyo. Kisha upana. Tangu 2007, Toyota ilipoingiza injini ya V8 kwenye 79, magurudumu ya mbele yalisogezwa nje ili injini ienee, ya nyuma yakaachwa palepale: nyuma ikawa nyembamba kuliko mbele kwa milimita 95. Huko Australia kuna wafanyabiashara wanaoishi kwa kuuza ekseli pana za kusawazisha kasoro hiyo moja tu. Basi hata kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani kiligusa upande mmoja na kuacha mwingine. Fundi wa Tandika jijini Dar es Salaam asionewe sana.

Viti vya springi navyo huwa havilingani. Vya zamani hukatwa kwa grenda, vipya huchomelewa kwenye bomba, na hapa mkono wa mchomeleaji huamua maisha ya beringi. Bomba la ekseli likipata moto mwingi upande mmoja linapinda. Halitaonekana kwa jicho. Litaonekana kwenye tairi linaloliwa ukingo na kwenye sili inayovuja oili kila baada ya miezi michache, na mwenye gari atabadilisha sili hadi achoke. Pembe ya pua ya difu nayo inatakiwa ilingane na pembe ya giaboksi, ili krosi mbili za propela shafti zifutiane mtikisiko. Viti vikichomelewa kwa kukadiria, gari litatetemeka kuanzia kilomita 70 kwa saa, na krosi zitakufa moja baada ya nyingine.

Kosa la gharama kubwa zaidi, hata hivyo, halina uhusiano na welding. Ni la hesabu ya darasa la sita.

Kila difu ina uwiano wake. Ya 4.1 ina maana propela shafti huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tuseme Hilux ina 4.1 mbele na nyuma, na ekseli iliyopatikana sokoni ni ya 3.7. Kwenye lami, gari likivutwa na nyuma peke yake, dereva atafurahi: injini haipigi kelele, mwendo umeongezeka. Siku ya tope anatia foo wili. Sasa giaboksi inazizungusha propela shafti zote mbili sawasawa, lakini kwa kila mita 100 ambazo tairi za mbele zinataka kwenda, za nyuma zinataka kwenda karibu 111. Kwenye tope la kuteleza tofauti hiyo itamezwa na utelezi. Akitoka kwenye tope akasahau kutoa foo wili, mita 11 hizo hazina pa kwenda. Zinajikunja ndani ya shafti na transfa mpaka kitu kipasuke, na kitakachopasuka ni kile cha mbele ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Uwiano hupatikana kwa kuhesabu meno ya krauni na kuyagawa kwa meno ya pinieni, au kwa kuzungusha propela kwa mkono huku mtu akihesabu. Ni kazi ya dakika chache, na ifanywe pale pale dukani kabla pesa haijabadilisha mikono.

Soko lenyewe linataka macho. Gerezani jijini Dar es Salaam, Grogan jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala, ekseli zimelala zikiwa zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, nyingi zimetoka Japani au kwenye yadi za spea kuukuu za Sharjah. Rangi nyeusi haisemi kitu. Anayejua hufungua tundu la oili na kuchovya kidole: oili ikitoka na ung'avu wa vumbi la chuma, difu hiyo imeshakula meno yake. Hushika pua ya difu na kuisukuma huku na huku kutafuta mchezo. Hutazama tundu la kupumulia juu ya bomba, lile ambalo likiziba, joto husukuma oili kwenye sili na gari likivuka mto ekseli hunywa maji. Mnunuzi mwenye akili hudai na risiti yenye jina la duka, kwa sababu ekseli haina namba kama ya chesi, na si kila ekseli iliyoko sokoni ilivuliwa kwa ridhaa ya mwenye gari.

Kama krauni na pinieni zitaguswa, basi huyo fundi awe na saa ya kupimia. Nafasi kati ya meno ya krauni na ya pinieni kwenye difu ya inchi 8 ya Toyota ni kati ya milimita 0.13 na 0.18. Hakuna kidole kinachohisi hicho. Mafundi wazuri hupaka rangi ya njano kwenye meno machache, wakazungusha pande zote mbili, kisha wakasoma alama: ikikaa katikati ya jino, sawa, ikikimbilia ncha au shina, shimu zinabadilishwa na kazi inaanza upya. Inaweza kuchukua siku nzima. Mwenye gari aliyekaa kwenye kibao akiuliza kila nusu saa, "Fundi, bado tu?" ndiye mara nyingi anayejinunulia mlio wa difu.

Wamarekani, ambao mchezo huu wa kubadili ekseli ni kama dini kwao, wametoa mfano mzuri wa jinsi kazi inayoonekana nyepesi inavyokuwa na mkia. Ford Ranger nyingi zilikuja na difu ya nyuma ya inchi 7.5. Explorer ya 1995 hadi 2001, gari la ukoo uleule, ilikuja na ya inchi 8.8, shafti za meno 31 na breki za diski. Kwenye makaburi ya magari huko, ekseli hiyo ni mali. Lakini kwenye Explorer ekseli inakaa juu ya springi, kwenye Ranger inakaa chini yake, kwa hiyo viti vyote hukatwa na kupangwa upya, propela hushughulikiwa, waya wa hendibreki na mabomba ya breki hubadilishwa. Wanaoimaliza vizuri ni wale walioanza na orodha ya vitu vidogo.

Sasa zile breki.

Gari linapofunga breki, uzito hukimbilia mbele, na sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha hufanywa na magurudumu ya mbele. Ekseli mpya ya nyuma haikugusa hata pedi moja ya mbele. Pikapu iliyotengenezwa kusimama ikiwa na uzito wa jumla wa kama tani 2.9 sasa inashuka mteremko wa Kitonga ikiwa na 3.9, kwa sababu mwenye mali ameona difu mpya ni nene. Kwa mwendo uleule, breki zinatakiwa kumeza nguvu zaidi kwa theluthi moja, zikiwa na diski zilezile, kaliper zilezile na oili ileile ya breki ambayo haijabadilishwa tangu gari lishuke bandarini. Mteremko wa Salgaa na Sachang'wan huko Kenya umezika watu wengi kwa sababu za namna hii, ingawa kule majina yanayotajwa ni ya malori.

Mtu atasema breki za nyuma za Land Cruiser ni kubwa, kwa hiyo zitasaidia. Si lazima. Silinda kubwa za nyuma zinataka oili nyingi kuliko ile inayosukumwa na pampu ya breki ya Hilux, na pedali huanza kuzama. Zikipata nguvu ya kutosha, gari likiwa tupu tairi za nyuma zitakwama kabla ya za mbele na mkia utataka kupita kichwa, hasa kwenye lami yenye mvua.

Kisha kuna kifaa kidogo ambacho wengi hawajui kazi yake. Chini ya Hilux nyingi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali yenye kijiti kinachoshuka hadi kwenye ekseli. Mzigo ukikaa, bodi hushuka, kijiti huinuka, vali hufungua breki za nyuma zaidi. Gari likiwa tupu, hupunguza. Gari lililonyanyuliwa kwa springi ndefu linaidanganya vali hii: hata likiwa na mzigo wa kuvunja mgongo, vali inaona bodi liko juu na inaamini gari ni tupu. Inazinyima breki za nyuma nguvu wakati zinapohitajika mno. Na ekseli mpya ikikosa mahali pa kukishika kijiti, kijiti hufungwa kwa waya wa kufungia, popote panapofaa. Kwenye magari mapya yenye ABS, vihisio vya mwendo vya nyuma hubaki bila pa kukaa, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, na tiba inayojulikana ni kutoa balbu.

"Itabeba, fundi?"

"Itabeba, bosi."

Na kweli itabeba. Swali la kusimama halikuulizwa.

Kuna magari yanayostahili kutazamwa kwa makini katika mjadala huu, nayo ni yale ya kitalii ya Arusha. Mengi ni pikapu za Land Cruiser zilizokatwa, zikarefushwa chesi, zikajengewa bodi la viti saba au zaidi na paa la kufunguka. Ni mabadiliko makubwa kuliko kubadili ekseli, na yanafanywa na gereji zinazojenga gari baada ya gari kwa mchoro uleule. Barabara ya changarawe kutoka Ngorongoro hadi lango la Naabi huyakagua kila siku: mikunjo yake hulegeza kila nati, hupasua kila kiungo kilichochomelewa vibaya. Gereji ikikosea, gari linarudi kwake likiwa na nyufa na mteja mwenye hasira, na mchoro unarekebishwa. Hicho ndicho kinachokosekana kwa pikapu ya mtaani. Kazi yake ni ya mara moja, fundi hafuatilii, na ikienda vibaya huko Singida hakuna anayepeleka habari Gerezani.

Upande wa pili zipo Hilux za miraa za Meru, Kenya. Hizo hazishindwi na ekseli. Zinashindana na saa, kwa sababu miraa ikichelewa inapoteza bei, na mzigo umepangwa juu kupita paa la kebini. Kuzipa difu kubwa ni kuongeza sababu ya kukimbia.

Serikali ziko wapi? Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inashughulika na magari ya uzito wa jumla wa tani 3.5 na kuendelea. Pikapu ya kawaida, kwa namba za kiwanda, iko chini ya hapo, kwa hiyo inapita pembeni ya mizani ikipunga mkono. Kadi ya gari ya Tanzania na logbook ya Kenya zote zina mahali pa uzito wa gari na idadi ya ekseli. Ekseli mbili ziliandikwa, mbili bado zipo. Kwenye karatasi hakuna kilichobadilika. Trafiki barabarani atauliza bima, leseni, kizima moto na pembetatu. Chini ya gari hainami mtu.

Jibu la haraka la ofisini huwa ni kupiga marufuku. Hilo halitafaa kitu. Watu hubadili ekseli kwa sababu barabara zinavunja ekseli, na marufuku itaisogeza kazi hiyo kutoka gereji yenye umeme hadi uwanja wenye giza. Kuna njia nyingine iliyojaribiwa. Australia, nchi yenye pikapu nyingi na barabara mbaya nyingi, ina kanuni za kitaifa za kubadili magari madogo, zinazojulikana kama VSB 14, na ndani yake giaboksi na ekseli zina sura yao. Mabadiliko makubwa hukaguliwa na kusainiwa na mhandisi aliyeidhinishwa. Uzito mpya unaoruhusiwa, kama unaruhusiwa, huandikwa kwenye kibati kinachobandikwa garini. Mwenye gari anajua, polisi anajua, kampuni ya bima inajua, na anayelinunua gari hilo miaka mitano baadaye anajua.

Wahandisi wa magari tunao. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Dar es Salaam, VETA inafundisha ufundi wa magari nchi nzima, na Kenya ina NTSA yenye vituo vya ukaguzi. Kinachokosekana ni fomu moja na mtu wa kuisaini: ekseli imetoka gari gani, uwiano wa difu mbele na nyuma, upana, aina ya breki, nani aliyechomelea. Ukaguzi wenyewe uwe wa gari lililobebeshwa uzito wake kamili, likafunga breki kwenye mashine ya roli, si gari tupu lililooshwa asubuhi. Fundi atakayepita mara nyingi bila kurudishwa apewe cheti cha kazi hiyo na aruhusiwe kukitundika ukutani. Mafundi wetu wengi wana mikono mizuri kuliko sifa wanazopewa, na hawajawahi kupata sababu ya kutunza kumbukumbu.

Hoja ya kipato inaweza kutolewa hapa, nayo ni nzito. Mfanyabiashara wa nyanya wa Ilula ana pikapu moja, mkopo mmoja na msimu mmoja. Hawezi kusubiri mhandisi asaini. Lakini hesabu zake mwenyewe zinamkataa. Kama kila siku anahitaji kubeba tani mbili, anachohitaji ni Canter iliyotumika, yenye tairi pacha nyuma, habu za mpango wa lori na breki zilizopimwa kwa mzigo huo. Ekseli ya Land Cruiser, kuchomelea, propela, rimu, breki na wiki ambazo gari limelala gereji zote zinalipwa kutoka mfuko uleule, na mwisho wake bado ana chesi ya tani moja, inayoanza kupasuka nyuma ya kebini pale ambapo chesi za pikapu zilizolemewa hupasukia.

Ekseli nzito inamfaa mtu mwingine: mwenye gari la kuvuta magari yaliyokwama, mwenye mtambo mdogo wa kuchimba visima, zahanati ambayo gari lake linavuka makorongo na mzigo wa halali, aliyebadili injini na kuongeza nguvu maradufu. Huyo aanze na diski na kaliper za mbele, afuate pampu ya breki, aweke sawa ile vali ya mzigo au anunue inayorekebishika, ahesabu meno ya difu zote mbili, kisha ndipo aende kuitafuta ekseli. Na siku ya kulichukua gari gereji, alijaze mchanga hadi uzito wa kwenye kadi, akae kwenye usukani yeye mwenyewe, fundi akae pembeni yake, watafute mteremko usio na watu na wafunge breki kwa kilomita 60 kwa saa. Fundi asiyekubali kupanda, gari lirudi kwenye jeki.